Umefika Wapi na Hadithi Yako?

Swali lenyewe lilikuwa jepesi: unasoma hadithi gani siku hizi, na umefika wapi? Nililibeba kutoka Unguja hadi Nairobi, kwa boti, basi, matatu na treni, nikamuuliza kila aliyekubali kuulizwa. Vitabu vya dini, vya biashara na vya kujiandaa na mitihani niliviacha kando. Nilitaka hadithi tu: riwaya, hadithi fupi, simulizi za simuni, chochote alichokitunga mtu akijua kwamba anatunga.

Sababu ninayo. Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba Mswahili hasomi, na kwamba ukitaka kumficha kitu kiweke kitabuni. Husema viongozi, husema walimu, na husema zaidi wauzaji vitabu wanapoulizwa kwa nini riwaya fulani haipo rafuni. Wanaosema hivyo huhesabu nakala zilizouzwa. Macho yaliyopita juu ya nakala hizo hakuna anayeyahesabu.

Mji Mkongwe wa Zanzibar una pahala paitwapo Jaws Corner, njia panda ya vichochoro ambako watu hukaa barazani wakanywa kahawa na kubishana siasa na mpira. Mwalimu mmoja mstaafu, kofia ya viua kichwani na miwani iliyofungwa uzi, alinijibu kabla sijamaliza kuuliza. Anaisoma tena Mzimu wa Watu wa Kale, na ameshasahau hii ni mara ya ngapi.

"Sasa wewe Maalim, kila mwaka Bwana Msa, muuaji bado humjui?" muuza kahawa akamchokoza.

"Muuaji namjua tangu sijaoa. Nasoma namna anavyomtafuta."

Kitabu hicho kina umri wa kuheshimiwa. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alikiingiza katika shindano la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, kikashinda, kikachapishwa 1960. Ndipo Kiswahili kilipompata mpelelezi wake wa kwanza mwenye jina kubwa: Bwana Msa, mtu wa kiko na maneno machache, pamoja na Najum, rafiki anayemfuata huku na huku akikosea kila anapokisia. Kabla ya kuingia katika magazeti, mwandishi huyo alikuwa mkaguzi wa afya serikalini, na mwalimu wetu alishikilia kwamba siri yote iko hapo. Bwana Msa, alisema, anaingia nyumba ya mtu kama bwana afya: haangalii sebule, anakwenda moja kwa moja kuchungulia karo.

Alituma mtoto akakilete kitabu nyumbani. Jalada lilishakwenda, kurasa zimeshonwa kwa uzi wa mkoba, na ukurasa wa mbele ulikuwa umejaa majina ya watu walioazima, mengine yamekatwa kwa mstari baada ya kurudisha. Nakala moja, iliyonunuliwa mara moja. Katika daftari la mchapishaji mtaa ule una msomaji mmoja.

Pembeni yake alikaa kijana anayetembeza wageni, na jibu lake lilikuwa Peponi. Alieleza bila haya kilichompeleka kwenye kitabu hicho. Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, wageni walianza kumuuliza nyumba aliyokulia mwandishi iko wapi. Yeye, mtoto wa mji huohuo, alikuwa hajasoma hata ukurasa mmoja wa Gurnah, kwa kuwa vitabu vyote vilikuwa vya Kiingereza. Paradise ilitoka 1994. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, ilitufikia 2022. Miaka 28 ilipita kabla hadithi ya Yusuf, mtoto aliyekabidhiwa kwa tajiri Aziz kufidia deni la baba yake, haijasomeka kwa lugha ambayo Yusuf mwenyewe angeizungumza.

"Umefika wapi?"

"Msafara umeshaingia bara. Nasoma taratibu, sitaki waende mbio."

Ukitoka hapo kwenda bandari ya Malindi kupanda boti, unapita katika riwaya nyingine bila kujua. Adam Shafi aliandika Kuli, iliyotoka 1979, akimfuata Rashidi na wenzake hadi kwenye mgomo wa wafanyakazi wa bandari wa 1948. Wachukuzi wa leo wana sare na mikokoteni. Nilimuuliza mmoja kama ameisoma. Alisema aliisoma shule, kisha akanipangia bei ya begi langu kwa ukali ambao Rashidi angeufurahia.

Ndani ya boti kelele za filamu zilijaa, na karibu kila abiria aliinamia simu yake. Ni rahisi kukasirika ukiona hivyo na kusema vitabu vimekufa. Nilimsogelea muuguzi mmoja aliyekuwa akirudi kazini Dar es Salaam. Alikuwa anasoma. Kwenye kioo palikuwa na maandishi matupu, yamebanana, na juu yake: SEHEMU YA 47.

Hapo nilifundishwa jinsi biashara hii inavyokwenda. Mtunzi anazitoa sehemu za mwanzo bure, kwenye magrupu ya WhatsApp au Facebook. Hadithi inapofika mahali patamu, mlango umefunguliwa usiku na anayeingia bado hajaonekana, anakata na kuandika ITAENDELEA, kisha anaweka namba ya simu. Unatuma pesa kidogo, pengine bei ya soda, unaingizwa kwenye grupu la waliolipa. Akichelewa kutuma, wasomaji wanamjia juu: mtunzi umetuacha na arosto, leta mzigo. Muuguzi yule huwa katika magrupu matatu kwa wakati mmoja, na husoma zamu ya usiku wagonjwa wakishalala.

"Kitabu chenyewe cha karatasi umenunua lini mara ya mwisho, dada'angu?"

Akafikiri. "Nikiwa fomu foo. Tulilazimishwa."

Nilizisoma baadhi ya simulizi alizonitumia, na hukumu yangu ni mchanganyiko. Nyingi zina njaa ya mhariri. Herufi za R na L zinabadilishana viti, kila tajiri anaishi Masaki, na kila msichana maskini ni mrembo kupita kiasi. Lakini wapo watunzi wanaojua kumshika msomaji kwa kifundo cha mkono. Wanajua kufunga sura, jambo ambalo waandishi kadhaa waliokwisha kutuzwa hawalijui. Wala mtindo wenyewe haukuzaliwa na simu. Mambo Leo, gazeti lililoanza 1923, liliwazoesha wasomaji wa Tanganyika kulingojea toleo jipya, na miaka ya karibuni zaidi Eric Shigongo alijenga jina kubwa kwa hadithi za mfululizo katika magazeti ya Dar es Salaam. Watu walikuwa wakilinunua gazeti wakaanza kulisoma kutoka kurasa za katikati.

Dar es Salaam yenyewe ndiyo mji wa riwaya za upelelezi, na wauza vitabu vya mitumba wa pale katikati ya jiji wanalijua hilo kuliko profesa yeyote. Muuzaji mmoja alikuwa ametandika turubai lake chini ya mwarobaini: kamusi, vitabu vya hesabu, majarida ya zamani, riwaya za Kiingereza zilizofika na mizigo ya mitumba. Nilipomtajia Elvis Musiba, mtunzi wa jasusi Willy Gamba, alicheka.

"Willy Gamba hakai hapa, mzee wangu. Akija asubuhi, mchana kashaondoka. Wengine wananiachia namba ya simu, wananiambia ukimpata nipigie hata saa nane usiku."

Kufa na Kupona ilitoka 1974, Njama ikafuata 1981, enzi ambazo Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam na jiji lilijaa wapigania uhuru pamoja na waliowachunguza. Kwa vijana wa wakati ule Willy Gamba hakuwa ndoto tupu, maana walikuwa wakiamini kwamba huenda wanapishana naye mtaani. Pamoja na Musiba wanatajwa wengine, hasa Ben Mtobwa, aliyefariki 2008, na Joram Kiango wake. Muuzaji huyo alikuwa na Dar es Salaam Usiku, lakini ya fotokopi, imebanwa pini pembeni na jalada la karatasi ya bluu. Nilimuuliza kama haoni kwamba ni wizi. Alinijibu kwa swali: mwenye nayo halali yuko wapi, ili ampeleke mteja huko? Wizi ni wizi, na familia ya mwandishi haipati hata senti. Ila swali lake nimeshindwa kulijibu hadi leo.

Kwa upande wa tuzo hatuna cha kulalamikia sana siku hizi. Tuzo ya Mabati-Cornell, kama ilivyoitwa wakati ule, iliziibua riwaya ambazo pengine zingebaki kwenye droo, kama Kolonia Santita ya Enock Maregesi na Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon. Tangu 2023 Taasisi ya Elimu Tanzania nayo inatoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Yule mtu wa turubai hakuwahi kuletewa hata nakala moja ya vitabu hivyo. Alivisikia redioni.

Safari ya basi kwenda Tanga ni ndefu ya kutosha kumaliza riwaya fupi, kama video ya basi itakuruhusu. Ilikuwa baada ya Chalinze nilipomwona mama mmoja, kanga ya pili mabegani, ameshika Rosa Mistika iliyovaa jalada la gazeti. Nilimuuliza amefika wapi. Kabla hajajibu, msichana wa kiti cha nyuma akadakia: "Mama, ameshapigwa kwa ile barua?"

Hapo basi likawa baraza. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Namagondo kule Ukerewe, aliitoa riwaya hiyo 1971, na kwa muda ilizuiwa shuleni kwa sababu inasema wazi yanayompata msichana aliyelelewa kwa kipigo na kufungiwa. Zakaria, baba yake Rosa, anamwadhibu bintiye kwa kuandikiwa barua na mvulana. Binti akitoka mikononi mwa baba hajui mipaka iko wapi, na mwisho wake ni kifo. Mama mwenye kitabu alimtetea Zakaria kwa nusu tu: mlevi ndiyo, lakini baba alihofia. Msichana hakukubali hata hiyo nusu. Kondakta, aliyesema hajasoma kitabu hicho ila dada zake walimsimulia chote, alisimama katikati ya njia akatoa hukumu kwamba kosa ni la Regina, mama yake Rosa, aliyenyamaza.

"Anyamaze afanyeje, naye anapigwa?" mama akamrudi. "Wewe kakusanye nauli."

Kezilahabi alifariki Januari 2020. Wachambuzi humsifu kwa Nagona na Mzingile, riwaya zake ngumu za kifalsafa, na ni haki yake. Abiria wa basi lile wanamjua kwa Zakaria na Rosa, ambao wanawajadili kwa jina moja moja, kana kwamba ni familia iliyohama mtaa wao mwaka jana. Mimi nakuona huko kuwa ndiko kufaulu kwenyewe.

Tanga ni mji wa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kufariki 1962. Miaka yake ya mwisho ya kazi aliitumia mjini humo, karani serikalini mchana, mwandishi usiku. Nilitarajia kuambiwa habari za ushairi wake. Badala yake mzee mmoja fundi cherehani, nyumba ya pili kutoka nilipofikia, alisema anasoma Kusadikika, na hasomi peke yake. Anawasomea wajukuu baada ya isha. Hadithi hiyo ya 1951 inamhusu Karama, aliyeshtakiwa katika nchi inayoelea angani kwa kosa la kutaka kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kuwasimulia mahakimu habari za wajumbe 6 waliotumwa huku na huko wakarudi na hekima, wakaambulia kifungo. Mzee alizigundua faida zake: usiku mmoja, mjumbe mmoja.

"Wa kaskazini ameshafungwa. Leo ni zamu ya kusini, na huyu mdogo amekwisha sema kwamba wakimfunga na huyu yeye hasikilizi tena."

"Na watamfunga."

"Watamfunga, mwanangu. Lakini atasikiliza."

Nilikaa nao usiku ule. Mzee anasoma kwa sauti ya muadhini, anapumzika penye nukta, anarudia sentensi tamu. Mjukuu wa kike, wa darasa la sita, humsaidia maneno ya herufi ndogo macho yake yanapochoka. Kiswahili cha Shaaban Robert, ambacho wanafunzi hulalamika kwamba kimejaa mapambo, kikisomwa hivyo hakina uzito wowote. Kilikusudiwa sikio.

Mpakani Horohoro foleni ilikuwa ndefu, na mwalimu wa Kiswahili kutoka bonde la Ufa, aliyekuwa akirejea kwao, alikuwa na Siku Njema mkononi. Hakuna pahala panapoifaa riwaya hiyo zaidi ya mpaka ule. Ken Walibora aliitoa 1996: Msanifu Kombo, aitwaye pia Kongowea, mwana wa Zainabu Makame mwimba taarabu, anaondoka Tanga kwenda Kitale kumtafuta baba yake. Mwalimu alikuwa ameamua kuifuata njia hiyo kwa miguu yake, akisoma sura mahali pake. Walibora aliaga dunia Aprili 2020 katika ajali ya barabarani Nairobi, na mwalimu huyo alisema bado anaona taabu kulitaja jina lake kwa wakati uliopita. Afisa wa uhamiaji aliyekuwa akigonga mihuri alilitazama jalada, akatabasamu: "Kongowea huyo! Ameshapata baba?"

Mombasa, nje ya shule moja upande wa Likoni, mwanafunzi wa kidato cha tatu alikuwa na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, riwaya inayotahiniwa Kenya baada ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Pamoja nayo alikuwa na mwongozo, kile kijitabu kinachokutajia maudhui, wahusika na mbinu za lugha ili usilazimike kuyatafuta. Mwongozo ulikuwa umechakaa; riwaya ilikuwa mpya kabisa. Msinilaumu nikisema miongozo hii imewanyima watoto wetu raha kubwa, maana inamwonyesha mtoto mifupa ya samaki kabla hajaonja mnofu. Lakini binti huyo alikuwa na siri. Mkobani, chini ya madaftari, alificha Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, aliyoazimwa na binamu yake wa Unguja baada ya kusikia habari za filamu ya Amil Shivji ya 2021.

"Hii hatutahiniwi," alisema, macho yanang'aa. "Yasmin ashamwacha yule mumewe mzee. Sasa yuko na Denge. Na najua hawatawacha wakae kwa raha."

Katika treni ya SGR kwenda Nairobi majibu yaligeuka. Watu wengi walikuwa wanasoma kwa Kiingereza, riwaya nene za majasusi wa Marekani na mapenzi ya Uingereza. Mwanamume mmoja, mhasibu, alisema riwaya yake ya mwisho ya Kiswahili ilikuwa Kidagaa Kimemwozea ya Walibora huyohuyo, aliyoisoma kwa ajili ya mtihani. Nilipomtajia Mtemi Nasaba Bora, hata hivyo, aliiweka riwaya yake chini. Kuanzia Voi hadi Mtito Andei alinieleza ni wanasiasa gani wa kaunti yake wanafanana na Mtemi, na kwa kipengele kipi. Miaka imepita na mhusika huyo bado anaishi kichwani mwake. Kwa nini hakutafuta kingine cha Walibora? Alisema duka analopitia kila jioni huweka vitabu vya Kiswahili kwenye kona ya vitabu vya shule, naye alishamaliza shule.

Hilo la kona ni dogo, lakini lina madhara. Nairobi nilipitia maduka kadhaa na kulikuta lilelile: Kiswahili kimepangwa kwa kidato. Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila, riwaya ya ajabu na ya kuchekesha, nilikuta imebanwa baina ya vitabu vya mazoezi ya sarufi. Bei nayo haisaidii. Tangu 2013 vitabu Kenya vinatozwa kodi ya VAT, nayo ni asilimia 16, na anayenunua riwaya kwa starehe yake analipa pamoja na mzazi anayenunua kitabu cha kiada. Katika Maktaba ya McMillan, jengo lililofunguliwa 1931 na ambalo Waafrika hawakuruhusiwa kuingia hadi 1958, vijana walijaa mezani siku niliyofika. Wengi walikuwa wakijiandaa na mitihani. Wawili walikuwa wanasoma simulizi za Kitanzania kwenye simu, wakitumia kivuli na ukimya wa maktaba.

Kwa hiyo mimi siuamini tena ule usemi wa kuficha kitu kitabuni. Njia nzima nilikutana na wasomaji: wanaoazimana, wanaosomewa, wanaolipia kwa vipande, wanaoficha riwaya chini ya madaftari. Kilichokosekana ni kitabu kumfikia mtu aliyekwisha kukitaka. Watunzi wa simuni wameligundua hilo bila semina: bei ndogo, kipande kidogo, malipo kwa simu, mzigo unafika papo hapo. Wachapishaji wenye haki za Musiba, Mtobwa, Muhammed Said Abdulla na Mohammed Suleiman Mohammed wa Kiu na Nyota ya Rehema wana hazina ambayo haihitaji kutungwa upya. Waichape tena kwa karatasi ya bei nafuu, waitoe na kwa simu, sura kwa sura, na kabla ya yote wampelekee mzigo yule mtu wa turubai chini ya mwarobaini. Orodha ya namba za wateja tayari anayo.